Nafasi ya Mama Mmoja

Tangini, Kibaha
9 Machi 2025

Kwako Mama Jumbe,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua wewe ni wa msikitini na salamu hii huitikii, lakini kalamu yangu haijui kuanza vinginevyo. Habari za Maneromango? Sisi huku ni wazima. Mgomba wangu wa nyuma ya choo umezaa mkungu ambao watu wanasimama kuutazama kama wanatazama ajali.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ya lile onyo tulilopewa kwenye kikao cha wazazi, siku ile tulipokaa benchi moja mimi na wewe. Afande alisema habari za vijana wetu zisipite kwenye simu. Mimi nimetii. Kwenye simu sisemi kitu, isipokuwa picha moja tu ya Herman akiwa na magwanda, niliituma kwenye kundi la jumuiya yetu ya kanisani, na hata hiyo usoni nilimwekea ua. Nani atamjua? Rama, mtoto wa dada yako, amekubali kunibebea barua kila akileta mihogo sokoni Maili Moja.

Sasa niseme. Mwanangu si askari wa kawaida. Na wako pia, sikatai. Ile kamandi ya vikosi maalumu inachukua watu kutoka jeshi zima, wa nchi kavu, wa majini na wa angani, inawapepeta mpaka zinabaki punje za kuokota kwa vidole. Watu wakitekwa, wao ndio wanaoitwa. Jeshi kubwa likitaka kwenda mahali, wao wanakuwa wameshafika, wamechungulia na wamerudi. Mkuu wao hapangi foleni kwa wakubwa wengine, anasikilizwa juu kabisa. Haya si Herman aliyeniambia. Nimeyapata kwa kaka yangu Ponsiano, aliyekuwa mpishi wa jeshi zamani. Na kijana wa namna hiyo katoka kwenye tumbo hili hili unaloliona linakaza gauni.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Wiki iliyopita Herman alipewa ruhusa ya siku moja. Nikapika ndizi na nyama. Nikatoa senene wa kukaanga waliotoka Bukoba, ambao hata padri nilimficha. Nikakaa mlangoni. Herman kaja saa kumi jioni! Kala ndizi tatu, kasukuma sahani. Nikamwuliza, "Baba, unaumwa?" Akacheka, "Hapana mama, nimeshiba. Nilipita kwa Mama Jumbe, kanipa kisamvu cha nazi."

Cha nazi, Mama Jumbe. Mtoto niliyemlea kwa ndizi tangu hajaota jino anacheua nazi mbele yangu.

Nauliza kwa upendo tu. Alikuja kwako kufanya nini? Na Jumbe alikuwepo? Mbona mnafanya karamu kimya kimya?

Ni mimi mama MZAZI wa Herman,
Laurensia


Maneromango, Kisarawe
16 Machi 2025

Mama Herman,

Nakuitikia kwa waalaikumu salaam, ndiyo niliyonayo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha. Kweli nyie Wahaya mmejaliwa, hata mgomba wa chooni unapigiwa tarumbeta.

Herman alikuja, sikumwita. Alifika asubuhi, akavua viatu, akachota maji mpaka pipa likamwagika, akapanda juu ya banda akagongomea bati lililokuwa linapiga kelele kila upepo ukija. Akala, akaondoka. Kisamvu kilikuwa cha nyumba. Ulitaka nimnyime?

Unauliza alikuja kufanya nini. Kwani hukuambiwa habari ya mwenza? Siku ya kwanza ya mafunzo wanafungwa wawili wawili kwa kamba kiunoni, urefu wake kama mkono wa mtu. Wanakula nayo, wanalala nayo, mmoja akienda haja mwenzake anasimama nje kutazama miti. Mmoja akichelewa, wanaadhibiwa wote. Kamba ikija kufunguliwa, mtu keshajua pumzi ya mwenzake hata gizani. Herman alifungwa na Jumbe. Ndiyo maana nyumba ya mmoja ni nyumba ya mwingine. Si karamu.

Tena kikundi chao ni cha watu wachache. Yupo tabibu, yupo wa redio, yupo wa baruti, yupo wa boti, na kila mmoja anafundishwa kazi ya jirani yake, ili mmoja akikosekana kazi isilale. Herman ni wa redio. Jumbe ni tabibu. Ulikuwa hujui? Basi nisamehe, nilidhani mama MZAZI ndiye anayejua.

Jumbe hajambo, anakusalimu.

Hayo maherufi makubwa uliyoandika nimeyaona. Hata mimi nimezaa.

Mwamvita binti Said


Tangini, Kibaha
23 Machi 2025

Mama Jumbe,

Redio! Mwaka mzima nalala na kuamka sijui mwanangu anafanya kazi gani huko, nikaja kuijua kwa mwanamke wa Maneromango. Na mimi nilishawatangazia watu kwamba ni mlenga shabaha. Sasa nirudi niwaambie ni wa redio? Watasema ni fundi, anatengeneza redio pale stendi.

Kamba nimeielewa. Sikatai kamba. Lakini walifungwa watoto, mama zao hatukufungwa. Kwangu Herman anakaa kitini kama mgeni aliyekuja kuposa. Nikimwuliza, "Baba, mnalala wapi?", ananijibu, "Pazuri, mama." Nikimwuliza, "Mnafanya nini?", ananijibu, "Mazoezi, mama." Kumbe maneno anayo, anakuja kuyamwaga kwako juu ya kisamvu. Nimeona wake wenza wakigombea mume. Sijawahi kuona wakigombea mtoto, na leo naona mimi ndiye mke mkubwa, yule anayeachiwa nyumba.

Lakini sitaumia sana, kwa sababu siku yangu inakuja. Ponsiano ameniambia. Mafunzo yakiisha kuna kuvishwa bereti ya kikosi. Hakuna ngoma, hakuna picha, simu zinabaki getini. Kila kijana anaalika mtu mmoja tu wa kumvalisha, mmoja, hata baba na mama hawaingii wote. Sisi kwetu baba alishatangulia, kwa hiyo hakuna ubishi. Nimemwambia Justa fundi anishonee gauni la gomesi la kijani kibichi, mabega yasimame kama bati jipya. Nimeshajizoeza kuvalisha. Nachukua kofia ya marehemu, nauvalisha mtungi wa maji, nainamisha kidogo upande, narudi nyuma hatua moja, natazama. Mtungi unapendeza. Je, Herman!

Na wewe utakuja kumvalisha Jumbe wako. Tutakaa benchi moja tena, ila mimi nitakaa mbele kidogo maana gomesi linahitaji nafasi.

Neno la mwisho, na usilichukulie vibaya. Naona kama una kijicho, mwenzangu. Kijana wangu anapendwa, anang'aa, nawe unamvuta avuke kwako ili ung'ae naye. Akija tena mwambie aanzie nyumbani kwao.

Laurensia, mama yake


Maneromango, Kisarawe
3 Aprili 2025

Mama Herman,

Nilitaka ulisikie hili kutoka mkononi mwangu, si mdomoni mwa Rama.

Jana alikuja mtu amevaa kiraia, mpole, akakaa kwenye mkeka akanywa maji. Kaleta mwaliko wa kumvalisha Herman bereti. Umeletwa kwangu mimi.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nimemwambia nitajibu.

Mwamvita


Tangini, Kibaha
5 Aprili 2025

Wewe mwanamke,

Leo salamu sina.

Nilikuwa kwa Justa, gomesi liko mwilini, pini ziko mabegani, Rama akanikuta pale pale akanipa karatasi yako. Nimeisoma nimesimama. Justa kaniuliza, "Mama Herman, pini imekuchoma?" Nikamwambia ndiyo.

Umemfanya nini mwanangu? Niambie tu. Wanawake wanawapikia waume zao limbwata, wewe umelitia kwenye kisamvu cha mtoto wa mwenzio? Mimi ndiye niliyembeba miezi yote ile nikiwa natapika kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemkimbiza hospitali homa ilipompanda, nimemfunga mgongoni, mvua inanyesha, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Wewe ulikuwa wapi? Umemkuta ameshakomaa, ameshanyooka, unakuja kuchuma tu.

Una wa kwako! Mvalishe wa kwako! Jumbe yuko wapi? Mbona uliniandikia tu "Jumbe hajambo, anakusalimu", kama mtu anayesoma matangazo ya vifo? Au ameshindwa mafunzo, karudishwa, na sasa unaokoteza vya wenzako? Sema!

Na mwanangu nimemwandikia. Nimempelekea kwa njia tuliyoelekezwa. Nimemwambia achague, mimi au wewe.

Laurensia


Maneromango, Kisarawe
10 Aprili 2025

Mama Herman,

Umeuliza Jumbe yuko wapi. Yuko hapa. Yuko chumba cha uani, mlango umefungwa kwa ndani, na mimi naandika nje ya mlango wake ili nisikie akiita.

Mwezi wa kumi na mbili walikuwa kwenye zoezi la kuvuka mto usiku. Mto gani, sikuuliza. Herman ana redio mgongoni, ikanasa chini kwenye mizizi, maji yakamfunika. Jumbe alikuwa ameshatoka, yuko ng'ambo, amekaa kwenye mchanga. Akarudi majini. Akamkata Herman ile mikanda, akamsukuma juu. Gogo lililokuwa linateremka na maji likampiga Jumbe kiunoni. Herman alimvuta kwa kola mpaka ukingoni, yeye mwenyewe akiwa hana pumzi.

Jeshi limemtibu vizuri, silalamiki, na daktari wao anakuja mpaka hapa. Lakini mguu wa kulia hausikii kitu, na wa kushoto unasikia unapotaka. Kikosini hatarudi. Yeye ndiye aliyenikataza nisimwambie mtu. Alisema, "Mama, sema hajambo." Basi nikasema hajambo. Herman naye akaapa.

Na hilo la kijicho umepatia. Ninacho. Ila hukukiona kilipo. Siku ile Herman alipopanda juu ya banda langu, nilisimama chini namshikia ngazi, natazama miguu yake miwili inavyopanda, nyepesi kama ya mbuzi. Nikawaza, kwa nini isiwe yeye aliye chumbani na wangu awe juu ya bati? Nimewaza hivyo huku nimeshika ngazi. Kisha nikaingia jikoni nikampakulia kisamvu. Hilo ndilo limbwata nililomtilia.

Kikosini wana desturi yao. Mwenza akiumia akaondoka, mama yake ndiye anayemvalisha aliyebaki, ili bereti moja iwe imewafika wote wawili. Herman alikuja kumwomba Jumbe ruhusa. Jumbe alimjibu, "Mama atakuvalisha."

Lakini mimi sitavaa viatu vyangu kwenda huko bila wewe kusema niende. Ukikataa, sitakwenda, na mkufunzi wake ndiye atakayemvalisha. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mwamvita binti Said


Kambini
19 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Hii ninayokuandikia imesomwa na wakubwa zangu kabla haijakufikia, kwa hiyo usitafute ndani yake mahali nilipo.

Umeniambia nichague. Mama Jumbe amenitumia salamu kwamba ameshakuambia habari ya mwenza wangu, kwa hiyo sitairudia. Ndiyo, nimemchagua yeye. Nafasi ni ya mama mmoja, na deni la mtoni halilipwi kwa mwanamke mwingine.

Ningeweza kuishia hapo nawe ungenisamehe. Lakini kuna la pili, na nikilificha nitakuwa nakudanganya.

Ile picha. Ua lilifunika uso, lakini namba ya begani inasomeka, na chini uliandika "komandoo wangu" na jina la jumuiya. Picha ilitoka kwenye kundi lenu ikazunguka mpaka ikafika huku. Niliitwa. Nilisimama mbele ya watu watatu nikaeleza kwamba ni mama yangu, ana furaha tu. Mmoja akaniambia, "Mama mwenye furaha naye anaweza kusababisha watu kufa." Wamenibakiza kwa sharti. Likitokea tena, hata neno, narudishwa kikosi nilichotoka, na jasho langu na mguu wa Jumbe vyote vimekwenda bure.

Sisi kazi yetu haina faida kama watu wanajua tupo. Tunaingia kabla ya wengine. Tukifanikiwa, hakuna aliyetuona. Tukishindwa, kuna mateka anakufa.

Unauliza kwa nini nakuja nyumbani jioni. Mama, naogopa. Wewe unauliza kwa mapenzi, na mimi ukiniuliza kwa mapenzi nashindwa kunyamaza. Kwa Mama Jumbe hakuna anayeniuliza. Yeye nilimwambia machache kwa sababu mwanaye ameshayalipia. Kwako ndiko kugumu zaidi kuliko mto.

Wewe ndiye mama yangu. Hilo halina mwaliko.

Mwanao,
Herman


Tangini, Kibaha
24 Aprili 2025

Mama Jumbe,

Tumsifu Yesu Kristo, na assalaam aleikum, zote mbili, maana leo nahitaji kusikilizwa kila upande.

Barua yako ilinikuta napepeta mchele. Nilikaa na ungo mapajani mpaka kuku wakaja wakala wakashiba, sikuwafukuza. Nilikuuliza mwanao yuko wapi, na nilikuuliza kwa kukucheka. Nisamehe. Nikikumbuka, uso unawaka.

Kisha ikaja ya Herman. Hiyo sikulia, nilinuna. Nilinuna siku nzima, nikanuna na kuta. Jioni nikashika simu nikafuta picha. Nikaenda kwa kila mwanajumuiya, mlango kwa mlango, nikawaomba wafute mbele ya macho yangu. Mmoja alinicheka, "Mama Herman, siku hizi hutaki tukuone na komandoo wako?" Nikamwambia simu ya mwanangu imeibiwa wasije wakatapeliwa kwa jina lake. Sijui huo uongo ulitoka wapi, lakini ulinyooka.

Sasa sikiliza. Nenda. Naandika kwa mkono wangu, Laurensia, mama yake. Nenda ukamvalishe.

Ila usiniombe niwe malaika. Wivu sijapona. Kila nikilitazama gomesi pale ukutani nalifunika kwa kanga. Kwa hiyo nina maagizo, na uyashike. Nyuma ya sikio la kushoto Herman ana kovu, aliangukia jembe akiwa mdogo. Bereti ikikaza hapo inamuuma naye hatasema. Ilaze kulia. Pili, usimwite "mwanangu" kwa sauti. Kimoyomoyo huko ni juu yako. Tatu, usilie. Kama kuna wa kulia, ni mimi.

Na nimejiuliza kitu ambacho naona hamkujiuliza. Siku hiyo Jumbe atabaki na nani? Rama ni mtu wa sokoni, akiona chungu hajui kinachemka au kinaungua. Nitakuja mimi. Kumwogesha na kumgeuza atafanya Rama kabla hajaondoka, simvunjii kijana heshima. Mimi nitapika na nitakaa. Mwambie sitamwuliza kitu. Nitajitahidi.

Laurensia


Maneromango, Kisarawe
12 Mei 2025

Mama Herman,

Juzi nilirudi nimechoka, wewe ukawa unakimbilia gari la mwisho, hatukusema la maana. Naandika sasa.

Hawakuita majina. Waliita namba, kwa sauti ya chini kama wanaamkua mgonjwa. Wazazi tulikuwa wachache, hakuna aliyemwuliza mwenzake anatoka wapi. Vijana walisimama kama miti. Kwanza sikumjua Herman, nikamjua kwa masikio. Akainama. Nikailaza kulia. Akashtuka, akaninong'oneza, "Nani kakwambia?" Nikamwambia, "Mwenye masikio yake."

Akauliza, "Mama kanuna?" Nikamwambia, "Mama yako yuko na Jumbe."

Akafumba macho. Mkufunzi aliyesimama nyuma akamwambia, "Fungua macho, askari." Akafungua. Sikulia, kama ulivyoagiza. Yeye ndiye aliyeloa. Aliniambia nikwambie hivi tu, kwamba sasa anaweza kwenda. Wapi, hakusema, nami sikuuliza. Waliondoka jioni ile ile.

Sasa langu. Wewe uliondoka mbio, hukuniona usoni nilipofika. Nilipokata kona pale kwa muuza mkaa nilimwona mtu amekaa uani, kwenye kiti, jua la jioni linampiga usoni. Nikadhani ni mgeni. Alikuwa Jumbe, mkongojo umeegemea ukuta. Tangu aletwe nyumbani namwomba atoke nje. Nimembembeleza, nimemlilia, nimemletea shehe, nimemletea rafiki zake. Hakutoka. Wewe umekuja siku moja tu.

Mwenzangu, nilisimama pale na mkoba wangu nikakuchukia. Si sana, lakini nilikuchukia. Furaha ilikuja baadaye, tayari nimeshafika mlangoni.

Ulimfanya nini?

Mwamvita


Tangini, Kibaha
1 Juni 2025

Mama Jumbe, mwenzangu,

Umeniuliza nilimfanya nini. Sikumfanya kitu. Nilijisifu.

Waitu, mwenzangu, nilivumilia mpaka saa nne asubuhi. Nimepika, nimefagia, nimenyamaza mpaka masikio yanalia. Mlango wake umefungwa. Nikaona nitapasuka. Nikavuta kigoda nikakaa nje ya mlango, nikaanza kumwambia habari za Herman. Alivyotembea kabla ya watoto wote wa mtaa. Alivyoshika namba moja darasa la nne. Alivyomfukuza nyoka kwa mwiko. Yule kijana ndiye mtu pekee duniani ambaye naruhusiwa kujisifu mbele yake, nami sikuiachia nafasi. Nikafika kwenye habari ya jinsi anavyoogelea. Ndani nikasikia, "Uongo huo, mama! Herman anaogelea kama jiwe." Nikamwambia mwanangu ni samaki. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Nikabisha. Akabisha. Nikampaka mwanangu sifa mpaka akashika mkongojo, akafungua mlango, akasema, "Bora nikakae nje, humu ndani hakuna hewa." Nikamfuata huko huko nje. Hiyo ndiyo dawa yangu, na kama unaona wivu, endelea kuona, hata mimi masikio ya Herman uliyoyaona yamenipa homa wiki nzima.

Alinichekesha yule kijana. Alipokuwa anacheka sura yake ni yako kabisa. Nitakuja tena mwezi huu, kama hutanifungia geti.

Lakini nilitaka nikwambie la jana, maana sina mwingine wa kumwambia.

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Atupele. Unajua yeye mwanaye wa kiume yuko benki huko mjini, na tangu sala ya kwanza tulishasikia habari za kiti chake kinachozunguka na kiyoyozi kinachomletea mafua. Nilikaa, nimejikaza. Kisha akanigeukia mbele ya wote, "Na Herman wako, yule komandoo? Mbona siku hizi kimya?"

Maneno yalikuja, Mama Jumbe. Yalikuja yote kwa pamoja, yakajipanga nyuma ya meno. Mto, redio, bereti imelala kulia, mkuu wao anavyosikilizwa juu kabisa, na hivi sasa yuko mahali ambapo hata mimi sijui, wakati mwana wa Mama Atupele anapata mafua ya kiyoyozi. Niliona jinsi ambavyo ule uso wake ungeshuka. Ningelala vizuri mwaka mzima.

Nikasema, "Komandoo wa wapi! Nilikuwa nawatania. Yuko stoo, anagawa viatu."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mama Atupele alinishika mkono, kwa huruma kabisa, "Usijali mwaya, kila mtu na bahati yake." Kisha akasema hapana, tusimwache mwenzetu hivi hivi, tumwombee mtoto apate kazi ya maana. Wakasimama wote, wakafumba macho, wakamsihi Mungu kwa sauti amwinue mwanangu kutoka kwenye stoo ya viatu.

Nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Ni mimi,
Laurensia